Kiboko na Matanga Yasiyoanuliwa

Paukwa!
Pakawa!
Mto?
Una kingo mbili.
Mfalme?
Ana tumbo moja.
Na tumbo lake?
Limezitaka kingo zote mbili!

Haya, sogeeni. Nyie mliosoma sana kaeni nyuma, maana mna tabia ya kuuliza funzo kabla mtu hajafa. Kwenye ngano hii mtu anakufa. Au hafi. Msinikate kauli, mtaona wenyewe.

Hapo kale Kiboko alikuwa mfalme wa mto na wa ukingo wake wa zamani. Alikula majani, akala mashamba, akala na mipaka ya mashamba. Ukingo ukabaki kipara. Wanyama wengine wakafunga virago, wakavuka, wakalowea ng'ambo. Wakasema huku hakuna mtu. Fuko alikuwepo, yeye na babu zake, tangu enzi na enzi. Lakini Fuko anaishi chini ya ardhi, na mlowezi akifika mahali hatazami chini.

Kati ya walowezi hao alikuwepo Kanga. Si huyu Kanga mnayemkimbiza porini, hapana. Kanga wa siku zile alikuwa na kilemba cha manyoya kichwani, kirefu, cheusi, kinang'aa, mpaka Tausi akipita karibu naye anakunja mkia kama mwenye haraka.

Kila asubuhi Kanga alishuka mtoni, akapiga goti. "Shikamoo, baba!"

Kiboko, masikio na macho tu juu ya maji, akajibu, "Marahaba, binti yangu mwenye madoa mazuri."

Basi. Neno hilo "binti yangu" Kanga alishinda nalo siku nzima, kama wewe unavyoshinda na pipi shavuni.

Asubuhi moja Kiboko akatoka majini mpaka kifuani. Akanguruma, "Hooo! Nyie ni wanangu?"

"Ndiyo, baba!"

"Na mto ni wa nani?"

"Wako, baba!"

"Basi sikilizeni. Mnakunywa kama mto umechimbwa na mama zenu. Kuanzia leo, anayekunywa mafunda mawili, funda moja alirudishe. Ateme humo humo."

Kutema? Maji ya kunywa? Kanga akashtuka. Alishtuka mpaka unyoya mmoja wa kilemba ukang'oka, peu! ukachukuliwa na upepo.

Lakini akainama, akanywa mafunda mawili, akatema moja. Ptuu. Vifaranga wake nyuma yake nao wakatema. Ptu, ptu, ptu.

"Dada Kanga!" Ngiri akaruka. "Unatema kweli?"

"Baba ana sababu zake."

"Sababu yake ni tumbo! Mimi nimevuka mto huu kwa miguu yangu, nimechimba viazi kwa meno yangu, halafu leo nimtemee mtu maji? Sitemi!"

"Baba ni baba, kaka Ngiri, hata akikunyima."

"Baba gani hakujui jina?"

Hapo ndipo ng'ambo ilipopasuka. Huku Watemaji, kule Wasiotema. Mke anatema, mume hatemi. Swala na pacha wake walitoka tumbo moja, sasa mmoja anatema, mwingine hatemi, wakilala wanalala mgongo kwa mgongo. Bata alionekana anatema mara mbili kwa kujipendekeza. Wasiotema wakamkamata, wakampaka tope kuanzia mdomo mpaka makalio, wakambandika majani makavu, wakamtembeza kijiji kizima wakimpigia makopo. Jirani na jirani! Watu walioazimana moto jana!

Kanga akashtuka. Peu! Unyoya mwingine.

Yupo mmoja tu ambaye hakuwa huku wala kule. Pimbi. Mnyama wa kubebwa kofiani, anayeishi na bibi yake kizee kwenye ufa wa jabali. Wakimuuliza, "Wewe unatema au hutemi?" anajibu, "Mimi nalamba umande." Wakimuuliza, "Na bibi yako?" anageukia ule ufa wa jabali. Bibi hatoki nje, meno hana, ulimi umekauka kama kigae, na umande haumtoshi.

Ngiri akaona maneno hayakati kiu. Akakusanya Wasiotema wote, akachomoa meno, akapiga kelele, "Twende tukamtoe!" Wakashuka mtoni mbio, gidi gidi gidi gidi!

Kanga akasimama njiani. "Rudini! Baba atawakemea tu, lakini msimkosee adabu! Hawezi kuwaumiza wanawe!"

Wakampita. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Wakaingia majini. Kiboko akazama mbele yao, akaibukia nyuma yao, akafumbua domo. Walioingia walikuwa wengi. Waliotoka walikuwa wachache. Ngiri alitoka akikimbia, mkia wima kama kijiti, na mpaka leo akikimbia anausimamisha, hajui kama vita vimeisha.

Pacha wa Swala, yule asiyetema, hakutoka. Yule anayetema alisimama ukingoni akiita mpaka sauti ikamkauka.

Kanga akashtuka. Peu! Peu! Peu!

Kiboko akajifuta mdomo. "Kwa utovu huo wa adabu, sasa mtarudisha mafunda yote mawili."

"Yote mawili?" Kanga aliuliza, kwa upole, akidhani amesikia vibaya. "Baba, anayekunywa mawili akatema mawili, amekunywa nini?"

"Amekunywa heshima," alisema Kiboko, akazama. Bubu bubu bubu.

Kesho yake, jua likiwa utosini, kilio kikatoka majabalini.

"Uwiii! Bibi yangu weee! Bibi ametutoka!"

Kanga akafika wa kwanza, anahema. "Pole, kaka Pimbi, pole sana. Amepatwa na nini?"

"Kiu, dada. Kiu imemchukua."

"Yuko wapi tumuoshe?"

"Joto hili, dada? Tumeshamstiri kwenye ufa wake mwenyewe, tumeziba kwa jiwe." Pimbi akajipangusa pua. "Sasa nenda kwa mfalme, wewe ndiye anayekusikia. Mwambie wanawe wamefiwa. Na kwa kuwa yeye ndiye baba wa wote, mkeka wa mwenye msiba ni wake. Na mwambie viazi vimeshaiva."

Hapa ngoja niwafundishe kitu, maana najua huko madarasani hamkuambiwa. Kwa wanyama wa ng'ambo, mfiwa akishakalia mkeka wa matanga haondoki wala haogi mpaka matanga yaanuliwe. Na matanga hayaanuliwi mpaka wafiwa wote waseme kwa kauli moja, "Tuanue." Mmoja akisema "Bado," ni bado. Anayevunja mkeka kabla ya hapo, kifo kinamfuata mpaka kwake, kinabisha hodi. Mgeni peke yake ndiye aliye huru: anakula, anatoa pole, anaenda zake.

Kiboko alipoambiwa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Viazi kiasi gani?"

"Vyungu kwa vyungu, baba."

"Ah! Nakuja kuwalilia wanangu."

Akapanda. Tifu. Tifu. Tifu. Mkeka ulitandikwa juu ya jabali bapa, peupe, hakuna mti wala kivuli cha mti. Kiboko akaketi. Wafiwa wote wakaja, Watemaji upande huu, Wasiotema upande ule. Akala viazi, akala maganda, akala na kata ya kupakulia. Akabeua.

"Haya, poleni. Anueni, nikaoge."

Pimbi akasimama, mikono kifuani. "Wafiwa, baba amesema. Tuanue?"

"Tuanue!" walisema kina Ngiri, wana haraka zao.

Kanga akainuka, kilemba kilichobaki kikitikisika. "Bado! Hivi mmekuwa watu gani? Msiba wa ukoo wa mfalme unaanuliwa kabla jua halijashuka? Mnataka watu waseme baba yetu alikuja kula tu?"

"Bado!" wakaitikia Watemaji.

Pimbi akashusha pumzi. "Ni bado, baba. Ona binti yako anavyokuheshimu."

Kiboko akacheka kidogo, akajifuta kichwa. Jua likapiga. Ngozi ikaanza kukaza. Mgongo ukasema paru. Ubavu ukasema paruu. Kisha jasho likamtoka, jekundu, jekundu kama damu, likichuruzika mpaka mkekani.

Kanga akashtuka. Peu! Peu!

"Tuanue! Jamani, tuanue! Baba anaumia!"

Ngiri, kule upande wa pili, akajikuna polepole. "Bado."

"Ngiri! Si wewe uliyesema tuanue?"

"Nilikuwa sijamkumbuka marehemu vizuri. Sasa ndiyo uchungu unanipanda." Akaangua kilio. "Bibi weee!"

Kanga akaduwaa. Tangu lini Ngiri na Bibi Pimbi walisalimiana? Akamtazama Pimbi, Pimbi anatazama mawingu, na mawingu yenyewe hayapo. Watemaji wakisema tuanue, Wasiotema wanasema bado. Wasiotema wakilegea, Bata, ambaye masikio yalikuwa bado yamejaa tope, anasema bado kwa heshima. Watu waliogombana msimu mzima, wangekubaliana vipi kwa mchana mmoja?

"Pimbi, mwanangu," alisema Kiboko, sauti imekauka. "Hakuna njia?"

"Ipo, baba. Lakini mdomo wa baba hauwezi kuisema."

"Sema!"

"Mgeni huondoka anapotaka. Asiye ndugu hafungwi na mkeka. Ila ndiyo hivyo, wewe ni baba yetu."

"Baba, usiseme!" Kanga akapiga goti mbele yake. "Vumilia, jua linashuka. Nitawabembeleza. Nitamshika Ngiri miguu. Usiseme, baba!"

Kiboko akatazama mto pale chini, unameremeta. Akasimama.

"Mimi si baba yenu," akasema.

"Hawajasikia kule nyuma," alisema Pimbi.

"MIMI SI BABA YENU! Sina mwana ng'ambo hii! Sina ukoo hapa, sina undugu, nimekuja kutoa pole tu!"

Pimbi akamwonyesha Kanga kwa kidole, pale alipopiga goti. "Na huyu? Huyu mwenye madoa?"

Kiboko hata hakuinamisha shingo. "Huyu? Simjui. Nitamjuaje kila ndege?"

Akashuka mbio, akajitupa. CHUBWI!

Kanga hakulia. Alibaki na goti chini. Manyoya ya kilemba yakamtoka peu peu peu peu, akayaacha yaende.

"Mzee Kiboko!" aliita Pimbi kutoka juu. "Kwa kuwa si baba, kwenye ukingo huu tutakunywa bila kutema! Na siku ukikumbuka kwamba wewe ni baba, karibu sana. Mkeka wako upo, matanga bado hatujayaanua!"

Na ndiyo sababu Kiboko mpaka leo akija kula ng'ambo anakuja kwa kificho, giza likiwa nene, hasalimii mtu.

Wanyama wakashuka mtoni. Wakanywa. Mafunda mawili, matatu, matumbo yakafura. Kanga akawaona vifaranga wake wakinywa, na kooni mwao hakikurudi kitu. Yule Swala aliyebaki akanywa, akaacha nafasi ubavuni pake.

Kule jabalini jiwe likasogea. Krrr. Kichwa chenye mvi kikachungulia. "Wajukuu, hayo maji nasikia harufu yake tu, au nitaletewa?"

Marehemu! Kanga akashtuka, na unyoya wa mwisho kabisa ukaanguka. Kipara. Kipara kitupu, na ndicho hicho mnachokiona.

Kabla hajapata pumzi, udongo ukafumuka miguuni pao. Fuko akatoa pua. "Hongereni. Na mimi je? Nchi yangu mnanirudishia lini?"

Watemaji wakatazama Wasiotema. Wasiotema wakatazama Watemaji. "Rudi chini!" wakasema wote kwa kauli moja, safi, hakuna aliyesema bado. Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza walilokubaliana tangu wavuke mto. Fuko akarudi chini, lakini hakuhama. Anachimba.

Ngiri akapanda juu ya jabali bapa, akajitanua, akakohoa. "Ndugu wananchi! Nimepigana, mmeona mkia wangu. Nyumba haikai bila mwenyewe. Kuanzia leo, mimi niiteni Baba. Na hayo maji, tutapanga utaratibu."

Midomo ikabaki wazi. Swala akakaa chini. Hata Pimbi, mjanja wa wajanja, akapigwa na bumbuwazi.

Kanga peke yake hakushtuka. Ashtuke na unyoya upi? Akasogea taratibu mpaka mbele ya jabali, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu," akajibu Ngiri, anatabasamu meno yote.

Kanga akatazama jua, bado kali. Akautazama mkeka, bado umetandikwa. Kisha akageukia ule ufa wa jabali.

"Bibi Pimbi! Unajisikiaje leo?"

Ndani ya ufa ikatoka sauti: "Kohoo! Kohoo! Vibaya, mjukuu wangu. Vibaya kabisa."

Ngano nimeitua hapa. Aliyekunywa amekunywa, na asirudishe hata funda. Funzo lake ni kwamba wagomvi hawafiki popote na umoja ni nguvu. Anayebisha akamuulize Kiboko, au akae na Fuko waliyekubaliana juu yake.