Hodi ya Nne

Paukwa! Mmeitika, basi sikilizeni.

Zimwi lilimkamata Zuhura akichanja kuni, likamfungia nyumbani kwake. Mlango wa nyumba hiyo ulikuwa na uganga: haukuvunjika kwa shoka wala kuungua kwa moto. Ulifunguka pale tu zimwi lenyewe lilipotamka "karibu", na aliyekaribishwa hakuliwa wala hakunyimwa alichoomba.

Mama yake, Mwanamkasi, akaenda.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

"Hodi!" Kimya.

Akarudi kwake, maana adabu ni hodi tatu, usipoitikiwa, unaondoka. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Jirani akamwambia, "Umeshabisha vya kutosha, shoga. Shukuru Mungu kwa watoto waliobaki."

Siku ya tatu akabisha hodi zake tatu, hakuitikiwa, akageuka. Ndani akalisikia zimwi likicheka.

"Keshakwenda, na adabu zake! Zuhura, teleka maji. Leo nakula."

Mwanamkasi akasimama. Akaurudia mlango, akaita kwa mara ya nne.

"Hodi!"

Zimwi lilikuwa limeshaacha kujihadhari, kwa kuwa halijapata kusikia mgeni wa hodi ya nne. Likajibu kama ajibuvyo kila mtu aliye kwake.

"Karibu!"

Mlango ukafunguka. Zimwi likamtazama mgeni wake.

"Mwanamke, huna adabu!"

"Sina," akasema Mwanamkasi. "Naomba mwanangu."

Wakatoka wawili, na hadithi ikatoka nao.