Kanga Iliyosomwa na Wawili

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijifunga kanga na kusutana uani kama sisi, alikuwako Kindi mdogo, yatima. Mama yake alipokuwa mahututi alimpa kipande kimoja cha doti ya kanga, akamwambia, "Njaa ikikubana mwanangu, soma."

Njaa ikambana kweli. Mawingu ya masika yalikwishatanda, naye hana hata punje ya kupanda. Jirani yake Fisi, lile jitu lenye nguvu, akaja kumtisha: "Mvua ikinyesha hujapanda, utahamia kwangu unifulie na unifagilie. Maisha yako yote!"

Kindi akakimbilia kibanda cha zamani cha kupikia pale nyumbani kwao, kilichoachwa siku nyingi, akatandaza kanga mbele ya Bibi Kobe, kikongwe aliyependa kupumzika humo. Kindi herufi alizijua, ingawa polepole. Bibi Kobe hakujua hata a, lakini maneno je? Hakuna neno lililompita yule bibi!

"Ma... fi... ga," Kindi akasoma, kidole kikitambaa. "Mafiga... yali... yopoa. MAFIGA YALIYOPOA YANA RIZIKI YA MWANANGU. Bibi, mafiga ni nini? Mimi nimekuta mama anapikia jiko la mkaa."

Bibi Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika. "Mjukuu wangu! Mafiga ni mawe matatu ya kuwekea chungu motoni. Si haya ha..."

Puu! Fisi huyo. Akaketi juu ya jiwe mojawapo, akaipora kanga.

"Lete hapa! Mtoto unasoma kama unatafuna kokoto." Akasoma trrrr, hata hakupumua: "Mafigayaliyopoayanarizikiyamwanangu! Umeona? Hiyo ndiyo elimu!"

"Lo, hongera, Bwana Fisi," akasema Kindi. "Na maana yake?"

Fisi akakohoa. Maskini, yeye nyama huila mbichi; mafiga angeyajulia wapi, na hapo ameyakalia?

"Maana... maana ipo," akasema.

Kindi akamkonyeza Bibi Kobe. "Msomi kama wewe hawezi kushindwa. Si ndiyo yale mashimo ya bondeni, kwenye kivuli, penye baridi?"

"Ndiyo hayo hayo! Nilitaka kukwambia. Na riziki ni yangu, maana nimesoma mimi!"

Akaitupa kanga, akatimua mbio, akatumbukiza kichwa shimoni. Siafu wakampokea. "Yalaa! Yalaa! Mama yangu weee!"

Huku nyuma Kindi na Bibi wakayasukuma mawe, hee! hee!, wakafukua majivu ya kale. Wakatoa chungu. Ndani yake mlikuwa na mbegu za mtama, kavu, safi, zimefungwa kwenye kitambaa. Kumbe ni kipande cha pili cha ile doti!

Kindi akakikunjua. Maneno ni yale yale, kama ilivyo kwa doti yoyote. Safari hii hakuburura kidole. Aliyatazama mara moja tu, akamsikia mama yake. Akalia sana, na Bibi Kobe akamwacha alie, akimpapasa mgongo.

"Bibi, bila wewe ningebaki natamka tu."

"Na mimi bila wewe, mjukuu wangu, ningebaki nasifia rangi za kitambaa."

Wakajifunga ile doti, huyu kipande hiki na yule kile, wakaenda shamba. Tone la kwanza la mvua liliwakuta wanafukia punje ya mwisho. Fisi naye alikuwa mtoni, pua imemvimba, anajifulia mwenyewe.

Basi wanangu, mkishika kitabu mkumbuke: kutamka bila kuelewa si kusoma.