Viti vya Bibi Harusi

Wapendwa, kabla sijafika kwenye neno la leo, nivumilieni kidogo niwapeleke Dodoma, nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu.

Mwalimu huyu alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na kila kitu chake kilikuwa na mahali pake. Koti lilikuwa na msumari wake, na tarehe za kuzaliwa za ukoo mzima zilikuwa kwenye daftari lenye jalada gumu. Alipostaafu akanunua gari. Halikuwa jipya, lakini alilipeleka kwa fundi wa viti, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake darasa la sita, naye akalivalisha ndani upya kwa ngozi ya bandia ya rangi ya maziwa: viti, milango, mpaka pale pa kuegemeza kiwiko. Fundi alipomaliza akaifunika ngozi ile kwa nailoni. Mwalimu akaendesha mpaka nyumbani, akazima injini, akakaa humo dakika kumi akinusa harufu ya upya.

Siku hiyohiyo, mezani, akatangaza mbele ya mke wake, dada yake, na binti yake Mwaja, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha nne.

"Nailoni ile haitoki," alisema. "Wa kwanza kuikalia ngozi ile atakuwa Mwaja, siku ya harusi yake."

Mwaja akainamia sahani. Angesema nini? Hata mchumba hakuwa naye.

Basi gari likaanza kutunzwa. Uani palikuwa na mwarobaini wenye kivuli kizuri, lakini ndege walidondosha vyao juu ya boneti, kwa hiyo mwalimu akalitoa gari kivulini akaliweka juani. Vumbi la Dodoma mnalijua, kwa hiyo vioo vikafungwa mpaka juu, kiangazi na masika. Dashibodi ikafunikwa taulo zito. Humo hakuna aliyekula karanga, wala mtoto mchanga hakupakatwa humo. Mtu akitaka kupanda alikung'uta viatu kwanza, kisha akakaa wima juu ya nailoni ya moto, ikilia chini yake kila alipojigeuza, na akishuka mgongo wote umelowa. Mama mzazi wa mwalimu, bibi wa miaka themanini na mmoja, alipanda mara moja tu, kwenda hospitali.

"Mwanangu, Mungu akubariki na gari lako," alisema waliporudi. "Jumapili nitakwenda kwa miguu."

"Kwa nini, mama?"

"Linaniunguza mapaja."

Mwalimu alicheka, lakini nailoni haikutoka.

Miaka sita ikapita. Mwaja akasomea uuguzi, akapata kazi, akapata mchumba, kijana mpole wa Mpwapwa, na ndoa ikapangwa kufungwa Jumamosi, saa nne asubuhi.

Jumamosi hiyo, saa moja na nusu, nyumba imejaa watu na harufu ya vitunguu, mwalimu akanawa mikono kwa sabuni akatoka uani peke yake. Hii ilikuwa shughuli yake, hakutaka mtu amsaidie. Alikuwa ameingoja kuliko bwana harusi. Akafungua mlango wa nyuma, akaishika nailoni kwenye pembe, akaivuta taratibu, kama muuguzi anayefungua bandeji.

Ngozi ikaja nayo.

Akaacha. Akajaribu pembe nyingine. Ikaja nayo tena, kipande kikubwa kama chapati, na chini yake sponji ya njano. Palipobaki ngozi palikuwa pamebabuka magamba madogomadogo, ukiyagusa yananata kidoleni. Akaondoa taulo la dashibodi, akakuta ufa uliotoka kwenye redio mpaka chini ya kioo. Akabonyeza ngozi ya mlango, ilikuwa imevimba kama andazi. Akakitazama kidole chake kilichojaa magamba, akaliwaza gauni jeupe. Akampigia simu fundi.

"Shikamoo, mwalimu. Hongera kwa harusi."

"Marahaba. Viti vimebabuka. Vyote."

"Pole sana. Ile nailoni uliitoa lini?"

Mwalimu akatazama saa yake. "Sasa hivi."

Upande wa pili wa simu, cherehani ikazimwa.

"Mwalimu, ile nailoni ilikuwa ya njiani tu. Kutoka kwangu mpaka kwako."

"Basi ni hili jua la huku, fundi. Jua ni kali mno."

"Jua linatuwakia sote. Gari langu linashinda juani, linabeba mpaka mbuzi, na viti ni vizima. Wewe uliliweka juani, ukafunga vioo, ukaongeza na nailoni. Hilo joto litoke kwa njia gani? Hapo hukutunza gari, mwalimu wangu. Hapo ulipalia pilau makaa."

Sasa niwaulize, ninyi mngefanya nini? Mwalimu alifanya ambalo wengi wetu tungefanya. Alifunga mlango, akauegemea, akaanza kutafuta uongo.

Mara akatoka dada yake, amekumbatia kanga mpya mpaka kidevuni. Kwao bibi harusi hakanyagi udongo. Shangazi zake humtandikia kanga chini, kuanzia mlangoni mpaka anapopandia gari.

"Kaka, mbona umelikumbatia gari? Anayeolewa ni Mwaja."

"Gari limegoma kuwaka."

"Umeliwasha?"

"Bado."

"Umejuaje?"

Mwalimu wa hesabu akazidi kuuegemea mlango. Dada yake akamsogeza kwa kiwiko, akachungulia ndani. Akaguna. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akaweka kanga zote juu ya boneti ili apate pa kushikia tumbo.

"Mwaja," aliita, "njoo uone baba yako alichokipika."

Mwaja akatoka, gauni ameliinua kwa mikono miwili, nywele zimesukwa, miguu bado iko kwenye kandambili. Akachungulia. Mwalimu hakuweza kumtazama.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikutunzia. Miaka sita nilikutunzia wewe."

Mwaja akamsogelea. "Baba, nina neno, naomba usikasirike. Mjomba yuko njiani, anakuja na pikapu yake."

"Ya nini?"

"Ya kunibeba. Nilimwomba tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nikitafuta namna ya kukuambia."

"Na gari hili?"

"Niliogopa, baba. Nina poda, nina maua, nitatoka jasho. Niliwaza nikilitia doa, utakuwa unaliangalia doa lile kila siku, na kila ukiliangalia utaikumbuka harusi yangu."

Mmemsikia huyo binti? Miaka sita mtu anamwandalia mwanawe kiti, na mwanawe amekwisha tafuta usafiri mwingine. Mwalimu alisimama pale juani, ile hesabu ikimwingia polepole. Hata viti vile vingetoka vizima kama siku ya kwanza, hakuna ambaye angevikalia.

Kisha Mwaja akaanza kucheka. Alicheka kama shangazi yake, kwa mabega.

"Lakini hili la leo, baba, hili nalipanda. Shangazi, zitandike humo ndani."

Kanga zilizokuwa za kukanyagwa zikaingia garini. Nyekundu zikaenda kwenye viti vya nyuma, ya kijani mbele, moja ikafunika dashibodi na ufa wake, nyingine zikabanwa milangoni. Vioo vikashushwa. Kimoja kilikuwa kimesahau njia ya kushuka, kikasukumwa na mikono mitatu. Wa kwanza kupanda hakuwa Mwaja. Alikuwa bibi yake, bila kukaribishwa, andazi mkononi. Akajiweka katikati, akayapapasa maua ya kanga, akasema hapo sasa pamekaa kama nyumbani. Mwaja akaingia kuume kwake, shangazi kushoto, na mama wadogo wakajipenyeza palipobaki. Mke wa mwalimu akakaa mbele na sufuria ya sambusa miguuni. Mjomba alipofika na pikapu aliambiwa abebe keki.

Gari lile likaenda kanisani likiwa limeshiba watu, upepo wa vumbi unaingia upande huu na kutokea upande ule, makombo ya andazi kila mahali, vigelegele vinatangulia mbele ya honi. Walipofika barabara kuu wakaanza kuimba, na kwenye ubeti wa pili ikasikika besi kutoka nyuma ya usukani. Mke wake akageuka kumtazama. Walikuwa wameoana miaka ishirini na tisa, na hakujua kwamba mume wake anajua kuimba besi.

Sasa, wapendwa, mmecheka, nami nimecheka. Tujitazame sisi.

Viti vile vilishonwa upya mwezi uliofuata, na fundi aliondoka na nailoni yake. Viti si tabu. Nyumbani kwetu mna sebule ambayo watoto wetu wanaipita kwa kunyata. Mna sahani kabatini zinazomngoja mgeni ambaye labda hajazaliwa. Hata hizo nazo ni vyombo tu, nisizungumze sana. Ninazungumza juu ya ule upole aliotupa Bwana tuutumie kwa watu wetu, nasi tukauweka mahali pasipofikika. Tunasema nitacheka na mwanangu akifaulu. Nitamsifu mke wangu siku ya jubilei. Nitakaa na mama yangu nikipata nafasi nzuri, siku isiyo na haraka. Tunaweka, tunafunga, tunaita hiyo ni heshima, tunaita ni malezi. Na huko ndani, ambako hakuna upepo unaoingia, ule upole unababuka.

Wala tusilaumu jua. Maisha ni magumu kwetu sote, na kuna watu wenye shida kuliko zetu ambao nyumba zao zina kicheko.

Mungu anapompa mtu kitu kizuri, anamtazama pia yule atakayekikalia. Baba yule alipenda kweli, asitokee mtu akasema hakupenda. Alipenda akafunga vioo. Na neema aliyoipata Jumamosi ile ni kwamba aliambiwa ukweli zikiwa zimebaki kama saa mbili kabla ya ndoa, na mtu anayempenda, tena akiwa anacheka. Si wote tunaopata bahati hiyo. Wengine tunagundua kwamba watoto wetu wametafuta usafiri mwingine wakiwa wamekwisha fika mbali.

Kwa hiyo leo sitawaombea magari. Nataka kila mmoja amfikirie mtu mmoja wa nyumbani kwake, aliye karibu naye kwa jina na mbali naye kwa woga. Umemjua? Huyo ndiye. Ukifika nyumbani usimwandalie hotuba. Mfungulie mlango, msogezee nafasi, na kama ameshika andazi, mwache aingie nalo.