Mikono Kumi na Tisa

Alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajawika, kata ilikwangua kitako cha mtungi: kwaru, kwaru. Bibi Namsifu alikuwa akitafuta maji ya chai. Mabomba yalikuwa yamekauka tangu Jumatatu, na kikao cha kamati ya maji kilikuwa kimeahirishwa mara ya nne kwa sababu wajumbe hawakutimia. Bibi akaguna, akasema, "Marehemu hainui mkono." Wajukuu wake wawili waliokuwa wakiota moto wakamuuliza maneno hayo yametoka wapi. Akampa kila mmoja kiazi cha jana, akakaa.

Methali hii ilianza hivi.

Huko milimani Upare, kijiji kimoja kilikuwa na ndiva, yaani bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka mferejini kwenda mashambani kwa zamu. Zamani zamu hizo zilikaa vichwani mwa wazee. Kisha Mzee Senkoro akastaafu ukarani bungeni, akarudi nyumbani na miwani, sanduku la bati na hamu ya kuandika. Akawaambia watu kwamba jambo lisiloandikwa ni la mwenye sauti kubwa, na katika hilo hakukosea. Wakaandika katiba ya ndiva, wanaume thelathini wakatia saini, Senkoro akafanywa mwenyekiti, karatasi ikafungiwa sandukuni.

Katiba ilisema zamu ni ya aliyetia saini, na akifa zamu inarudi kwa chama. Ilisema pia kwamba ili kubadili kifungu chochote, muswada usomwe mara tatu kama bungeni, kisha theluthi mbili ya waliotia saini wainue mikono. Wengi wao walikuwa vijana wenye mabega, wajukuu zangu. Nani angewaza habari za kufa?

Miaka ikapita, mume wa Nakundwa akafariki, na shamba lake la tangawizi likabaki bila zamu. Nakundwa akaambiwa apokee masalio ya Jumamosi jioni pamoja na wajane wengine kumi, na masalio yenyewe yalikuwa tope. Majani yakaanza kujikunja. Kaka yake alishamtumia ujumbe: msimu huu ukiharibika, afunge mizigo arudi kwao. Nakundwa hakutaka kurudi kwao. Mumewe alizikwa ukingoni mwa shamba lile, na yeye ndiye aliyelipalilia miaka yote. Jirani yake Yonazi, mtu asiye na maneno mengi, alikuwa akichelewa makusudi kuziba mlango wa mfereji wake, maji ya robo saa yakavuka kwa Nakundwa. Hayo ndiyo yaliyoiweka tangawizi hai.

Nakundwa akapeleka muswada, kwamba zamu ya marehemu ibaki nyumbani kwake. Siku ya kusomwa mara ya kwanza kilisomwa kichwa chake tu, watu wakarudi nyumbani. Mara ya pili walibishana hadi adhuhuri kama mwanamke ambaye mumewe alikwenda Tanga asirudi naye ni mjane. Mara ya tatu, mwishowe, wakapiga kura. Mikono yote ikainuka, hata wa Mzee Senkoro mwenyewe. Akahesabu, akarudia kuhesabu.

"Kumi na tisa," akasema. "Theluthi mbili ya thelathini ni ishirini. Muswada umeanguka."

Watu wakadhani anatania. Yonazi akamkumbusha kwamba wale kumi na mmoja wako makaburini.

"Katiba haisemi walio hai. Inasema waliotia saini."

Nakundwa akasimama. "Basi Mwenyekiti, twende wote kaburini kwa mume wangu. Mimi nitamwita, wewe uhesabu."

"Mama, usinifanyie dhihaka."

"Nani anafanya dhihaka, baba? Marehemu hainui mkono. Asiyeweza kuuinua mnamhesabuje?"

Mzee Senkoro alivua miwani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nikikiruka kifungu leo kwa ajili yako, kesho mwenye nguvu atakiruka ili akunyang'anye. Hapo utanililia nini?"

Nakundwa alikuwa na hasira, lakini aliona kwamba mzee yule hakusema uongo. Akaomba apewe ile karatasi akaisome. Tangu iandikwe, hakuna aliyewahi kuiomba. Mzee akaifunga kwenye kitambaa chake safi, akampa.

Juma zima Nakundwa aliisoma kwa kufuatisha kidole, wajane wenzake wakimsikiliza huku wakichambua maharage. Kikao kilichofuata akauliza swali moja: ni kifungu gani kinachosema hakuna mwingine anayeruhusiwa kutia saini?

Mzee Senkoro akavaa miwani, akasoma toka juu hadi chini. Hakikuwepo. Chini ya saini thelathini palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja. Mzee alisogeza kiti chake mwenyewe, akamkalisha Nakundwa, akamfungulia kalamu.

Wajane kumi na mmoja wakatia saini, wengine kwa dole gumba. Sasa walikuwa arobaini na mmoja, na mikono iliyohitajika ishirini na minane. Muswada uliposomwa upya mara zake tatu, wala hawakuruka hata moja, ikainuka mikono thelathini. Zamu ikarudi nyumbani kwa marehemu, na wakaongeza kwamba tangu siku ile wahesabiwe walio hai. Jumanne iliyofuata Nakundwa alisimama ukingoni mwa shamba, maji yakamfika vifundoni.

Mwaka ulipokwisha alikwenda na wenzake kumsalimu Mzee Senkoro, wakamsomea katiba yote barazani kwake, kwa kuwa macho yalikuwa yakimfifia. Walipoaga, aliushika mkono wa Nakundwa.

"Niliifungia sandukuni mimi," akasema. "Mwakani mje tena, mama, muisome hapa hapa. Kama kuna la kubadili, mje mapema nikiwa bado nipo. Marehemu hainui mkono."