Jina la Kutajwa Kabla ya Ngoma

Hapo zamani, na msicheke, maana zamani yenyewe ni mwaka juzi, palikuwa na msusi wa Tandale aitwaye Tunu. Mchana alisuka nywele za watu, jioni alijifunza kutengeneza muziki kwa laptopu. Ndani yake mlikuwa na programu ya kinanda: ukibonyeza herufi, inatoa sauti. Shangazi zake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wewe na muziki wapi na wapi? Suka!" Tunu aliumia, akaendelea kujifunza.

Laptopu ilikuwa ya shemeji yake, Kibwana, aliyeimwagia uji, akaifuta, akamwazima Tunu bila kumwambia habari ya uji. Tunu alipoanza wimbo wake wa kwanza, herufi moja ikanasa. Zzzzz! Ikalia mwanzo wa wimbo hadi mwisho.

Akampigia mwalimu wake, Chande, fundi wa studio aliyemfundisha bure miezi mitatu.

"Mwalimu, kuna sauti inalia, haikomi."

"Kwanza hifadhi. Lolote likitokea, kwanza hifadhi."

Akahifadhi. Umeme ukakatika hapohapo. Uliporudi, wimbo ulikuwepo, na zzzzz ilikuwepo.

Tunu hakujua kufuta, alijua kuongeza tu. Akaongeza ngoma ili aifunike, haikufunikika. Akaongeza makofi, haikufunikika. Akaongeza kengele, wapi! Wiki tatu aliongeza. Mwishowe akalia, akamtumia DJ Mwinjuma hivyohivyo.

Mwinjuma akaupiga harusini. Bibi harusi akavua viatu. Wazee wakaacha pilau. Mtaa mzima ukawa unaimba zzzzz.

"Redio wanautaka leo," Mwinjuma akawaambia Tunu, Kibwana na Chande, aliokuwa amewaita. "Ila hauna jina."

Nanyi mnajua desturi yetu: kabla ngoma haijaingia, hutajwa jina la aliyetengeneza wimbo. Nafasi ilikuwa ya sekunde mbili, jina moja basi.

"Nitajeni mimi," akasema Kibwana. "Watu wanacheza nini pale? Wanacheza uji wangu."

"Nitajeni mimi," akasema Chande. "Bila neno langu, umeme ungeondoka na wimbo."

"Ulimfundisha miezi mitatu," Mwinjuma akamuuliza. "Humu kuna somo gani lako jingine?"

Chande akafikiri. "Hilo la kuhifadhi."

"Nitajeni mimi!" Tunu akasema. "Shemeji alimwaga, mwalimu alisema. Nani alikaa na ile kelele wiki tatu, akaipangia ngoma, makofi na kengele?"

"Uliipangia, shemeji, au ulikuwa unaizika?" Kibwana akauliza.

Tunu akapandwa na hasira. Kufuta alikuwa ameshajifunza juzi. Akafungua wimbo uleule bila zzzzz, safi, wa mikono yake mwenyewe. Wakausikiliza wote kwa adabu. Mwinjuma akainama kukagua nyaya.

"Samahani, dada. Spika imekata?"

Roho ilimuuma Tunu kuliko siku ile shangazi zake walipomcheka. Alitaka jina lake litoke redioni, wale shangazi walisikie wakiwa jikoni. Sasa lingetoka, kama lingetoka, mbele ya kelele ambayo hakuna aliyeichukia kama yeye.

Mwinjuma akaweka maiki katikati yao. "Jina moja. Narekodi."

Haya, wenzangu mlionisikiliza, semeni bila kuoneana haya: aliyemwaga, aliyehifadhisha, au aliyeshindwa kufuta? Je, nani alistahili kutajwa?