Aliyekula Makande ya Nakiete

"Kuachiwa kwa jaji, kupokewa kwa jirani." Ndivyo wasemavyo watu wa Makwandeni, na ndivyo mlivyomsikia mwenyekiti asubuhi hii, pale watu walipompa mgongo yule fundi seremala aliyetoka mahabusu. Mmeniuliza neno hilo limetoka wapi. Si la wahenga wa kale sana, wanangu. Wapo walio hai hadi leo waliosimama pale lilipozaliwa. Kisa chake ni hiki.

Alikuwako mjane mmoja jina lake Nakiete, mpishi wa makande pale stendi ya Makwandeni, chini ya milima ya Upare. Makande kule hupikwa kila nyumba, lakini ya Nakiete yalikuwa na sifa yake. Mahindi yalikobolewa yakawa meupe, maharage yaliiva bila kupasuka, na tui lilikolea. Wasafiri walioshuka kunyoosha miguu walimsihi kondakta asiondoke mpaka wafute sahani.

Mjini hapo palikuwa na karani wa posta, kijana aitwaye Kiondo. Watu walimpenda. Aliwasomea barua wasiojua kusoma bila kutangaza yaliyomo, na Jumamosi alikuwa golikipa wa timu ya mji. Basi wenye maduka walipochoshwa na moshi wa stendi, walimwomba Kiondo awaandikie barua kwenda halmashauri, wapishi waondolewe. Akaandika. Habari zilipomfikia Nakiete, hakusubiri. Alimfuata hadi mlangoni pa posta, na mbele za watu akasema, "Mkono ulioandika mimi nikose kula, nao hautakula siku nyingi!"

Ni maneno ya hasira. Nani kati yenu hajawahi kusema ya namna hiyo? Lakini siku ya tatu Kiondo alikwenda mwenyewe kwa Nakiete kutafuta suluhu. Akaketi kwenye benchi, akala sahani nzima ya makande, wakacheka wote wawili, akaenda zake kazini. Alasiri aliomba ruhusa akarudi nyumbani akishika tumbo. Akatapika damu, na kabla jua halijazama alikuwa amekata roho mikononi mwa mama yake.

Polisi walipopekua stoo ya Nakiete walikuta kopo la dawa ya panya. Kopo la namna ile lilikuwamo karibu kila nyumba Makwandeni, maana mwaka ule panya walikuwa wengi mno. Lakini hakuna aliyetokeza kusema, "Hata kwangu lipo." Nakiete akafungwa pingu pale pale mbele ya chungu chake.

Hapo ndipo kesi ilipopata miguu. Magazeti yaliandika "Chungu cha Mauti" kwa herufi kubwa. Redio ikaitangaza, na watu waliokuwa hawajawahi kufika Makwandeni wakajua jina la Nakiete, wakiwa na hukumu yake mdomoni. Watoto wakatunga wimbo juu yake wa kurukia kamba. Alikaa mahabusu miezi kumi na minne, na kesi ilipofika mbele ya jaji, mji ulikuwa umekwisha kumnyonga.

Mahakama Kuu ilikaa makao makuu ya wilaya, mwendo wa saa mbili kwa basi. Kesi ilichukua siku kumi na moja. Wengi waliifuata redioni, wachache walifika siku moja mbili kuona sura ya muuaji. Mtu mmoja tu wa Makwandeni alifika siku zote. Naye alikuwa Bibi Navoneiwa, mama yake Kiondo, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Alikaa benchi la mbele amejifunga kaniki ya msiba, mikono mapajani. Nakiete akiwa kizimbani aliweza kumtazama jaji na kumtazama askari, lakini yule mama hakuweza kumtazama.

Siku ya sita Bibi Navoneiwa aliitwa kuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Akaeleza jinsi mwanawe alivyorudi nyumbani na jinsi alivyokufa. Wengi walilia. Kisha wakili wa utetezi akasimama, akamuuliza kwa upole, "Mama, mwanao aliwahi kuumwa tumbo kabla ya siku ile?"

Angeweza kusema hapana, na nani angembishia?

"Ndiyo," alisema. "Alitapika damu mara mbili tangu tulipopanda mahindi. Alinikataza nisiseme kwa mtu. Aliogopa wangemwachisha mpira."

Minong'ono ikatanda ukumbi mzima. Nakiete alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Hakuelewa imekuwaje mtu aliyepotelewa na vyote akasema neno lile.

Daktari aliyeupima mwili naye aliulizwa, akakiri kwamba hawezi kuapa kama Kiondo aliuawa na sumu au na ugonjwa. Wazee watatu wa baraza walitoa maoni yao, na wawili wakasema Nakiete ana hatia. Lakini jaji hakukubaliana nao. Alisema mtu hanyongwi kwa neno la hasira wala kwa kopo lililomo katika kila nyumba, na kwamba mashaka yakiwapo ni haki ya mshtakiwa. "Nakuachia huru," akasema.

Huko nje watu walichemka. "Jaji kala makande! Jaji kala makande!" walipiga kelele, wengine wakigonga mabati ya uzio. Askari wakamtoa Nakiete kwa mlango wa nyuma. Magazeti yakajaa barua za wasomaji kwa wiki tatu, karibu zote zikiuliza haki imekwenda wapi. Kumbukeni, wengi wa walioandika hawakusikia hata ushahidi wa siku moja.

Nakiete alirudi Makwandeni akidhani mateso yamekwisha. Kule mahabusu alikuwa ameahidi kwamba akitoka atapita kila nyumba kushukuru. Sasa ametoka, na hakuna nyumba ya kupita. Alikuta benchi lake la stendi limechomwa moto. Alimwamkia mzee mmoja njiani, "Shikamoo," yule mzee akatazama mlima. Kanisani alipoketi, benchi zima likahama. Alipeleka mahindi kukobolewa kwenye mashine ya Mrutu, naye Mrutu akamjibu kwa kupaza sauti ili asikike juu ya ngurumo, "Mashine imeharibika!"

Aliwaza kuhamia kwa kaka yake Handeni. Lakini hakujua kazi nyingine, na moyoni aliona kuhama ni kama kukiri. Basi akatwanga mahindi yake mwenyewe kwa kinu siku mbili, akapika chungu kizima, na siku ya gulio akakipeleka stendi akakiweka juu ya mafiga palepale pa zamani.

Basi la kwanza likaja. Kondakta akawaambia abiria, "Ndiyo hapo penyewe, msiguse kitu." Watu wakachungulia madirishani. Basi la pili likaja, na la tatu. Ikafika saa saba mchana, chungu hakijapungua hata upawa mmoja. Mbwa wa stendi alikuja akaketi mbele yake akitikisa mkia. Nakiete alichota kidogo amtupie, kisha akarudisha. Alihofu yule mbwa asije akafa kwa mambo yake mengine.

Ndipo watu walipoanza kusogea kutoka gulioni, na yeye akainua macho kuona wanachotazama. Bibi Navoneiwa alikuwa anavuka barabara, bado yumo katika kaniki yake. Mji mzima ulijua amekuja kumlaani yule mwanamke hadharani, na hakuna aliyetaka kukosa.

"Shikamoo, mama," Nakiete alisema.

"Marahaba. Makande yameiva?"

"Yameiva tangu asubuhi."

"Nipakulie."

Nakiete alichukua sahani, akaifuta kwa pindo la khanga. Akapakua. Kisha akatwaa kijiko, akachota kutoka sahani ile ile, apeleke kinywani kwanza, kama afanyavyo mwenyeji anapompa mgeni pombe ili kumwondolea shaka. Bibi Navoneiwa akamshika kifundo cha mkono.

"Unafanya nini?"

"Naonja, mama. Ili moyo wako utulie."

"Weka kijiko chini. Ukinionjea mimi, utakuwa bado uko kizimbani. Mimi sikuja kukuhukumu. Nimekuja kula."

Mrutu wa mashine alikuwa mbele kabisa, na hakuweza kuvumilia. "Bibi! Huyo ndiye aliyekuulia mwanao!"

Yule mama aligeuka. "Mrutu, mahakamani ulikwenda siku ngapi?"

"Mimi... mimi nilisikiliza redioni."

"Mimi nilikaa siku kumi na moja. Kilichomuua mwanangu sikijui. Daktari hakijui. Jaji kwa elimu yake yote amesema hakijui. Ninyi mmekijulia wapi?" Akaifunga upya kaniki yake. "Nimemlilia Kiondo, na nitamlilia mpaka nizikwe. Lakini sitamzika mtu mwingine mzima mzima ili kilio changu kipate mwenzake. Na kama leo ninakosea, nitakufa mimi, ambaye ndiye mwenye haki ya kukosea."

Akaketi juu ya jiwe, maana benchi halikuwapo, akaanza kula. Alikula polepole kama mtu aliye nyumbani kwake. Watu walimtazama kila tonge. Nakiete alisimama pembeni mikono kifuani, hathubutu hata kumkaribisha maji. Ile sahani ilipofika nusu, Bibi Navoneiwa aliinua kichwa.

"Chumvi imepungua," alisema.

"Umenikataza kuonja, mama," Nakiete akajibu kabla hajajizuia.

Yule bibi alimtazama, kisha akacheka. Kicheko kidogo tu, cha mtu aliyekuwa amesahau namna yake. Nakiete naye akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshinda, akajifunika uso kwa khanga akalia kama mtoto. Yalikuwa machozi ya miezi kumi na minne.

Bibi Navoneiwa alimaliza sahani, akasema, "Kesho nitakuja tena," akaenda zake.

Kesho yake akaja, mzima wa afya, na kesho kutwa. Siku ya nne kondakta mmoja alishuka akala naye. Msidhani mji ulibadilika kwa siku moja. Mashine ya Mrutu ilichukua mwezi mzima kupona. Na wapo waliopita mbali na chungu kile mpaka wanaingia kaburini, maana si kila mtu hukubali kunyang'anywa hasira yake. Lakini benchi jipya lilichongwa, na salamu zikaanza kujibiwa.

Wale wanawake wawili hawakuachana tena. Bibi Navoneiwa alipoishiwa nguvu, Nakiete ndiye aliyemchotea maji na kumchanjia kuni, na kila alipopika, sahani ya kwanza ilikwenda kwake, chumvi ikiwa imeonjwa. Hata siku moja hakuihesabu kazi hiyo kuwa mzigo. Alisema kila anapomwogesha yule mama anahisi yeye ndiye anayetakata.

Miaka tisa baadaye Bibi Navoneiwa alifariki akiwa mzee, na watu wengi wakafika mazikoni. Hakuwa na mtoto wa kusema neno la mwisho, basi wazee wakamwita Nakiete. Aliinuka, akasogea ukingoni mwa kaburi.

"Kila Jumapili namtaja yule jaji katika sala," alisema. "Aliniachia, namshukuru. Lakini kuachiwa hakukunipa pa kuketi. Nilitoka gerezani nikaingia barabarani, nikabaki humo, mpaka huyu mama alipovuka akaja kunipokea. Jaji alikuwa na sheria ya kumwongoza. Huyu alikuwa na msiba, na bado akaja. Mama, ahsante."

Akatupa udongo wake kaburini. Mrutu, aliyekuwa ameshika jembe la kufukia, ndiye aliyelisema lile neno kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemesha. Waliokuwa karibu wakalisikia, wakalibeba kwenda nalo, na halijasahaulika Makwandeni tangu siku ile: kuachiwa kwa jaji, kupokewa kwa jirani.