Mtani Kaburini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, na majiko, na wenyeviti wa kijiji wenye vitambi, paliuawa mto. Ndiyo, mto! Msinitazame hivyo. Mto nao huuawa, ila hufa polepole na huondoka na watu.

Huko juu, Bwana Fisi alijenga kiwanda cha ngozi. Maji yake machafu aliyamwaga mtoni kwa bomba alilolifukia ardhini kwa siri. Samaki wakaelea matumbo juu. Kisha watoto wakaanza kuumwa.

Nguchiro, mnyama mdogo mwenye mdomo usiotulia, akawakusanya wenzake wakaunda chama, wakakiita Macho ya Mto. Wakachimba huku, wakachimba kule, wakilitafuta bomba. Wapi! Hawakuliona.

Katibu wao, Kanga, akaenda kumlalamikia mwenyekiti wa kijiji, Kiboko.

"Bomba! Bomba!" Kiboko akafoka. "Liko wapi hilo bomba? Tangu leo, atakayesema maji ni mabaya bila kunionyesha bomba, nitamfunga!"

Akaanza na Kanga mwenyewe. Kanga alipotoka kifungoni, bawa lake moja lilikuwa limevunjika.

Haikupita muda, Siwema, mtoto wa pekee wa Digidigi, akanywa maji ya mto. Tumbo likamvimba ndi! Akalia mpaka sauti ikamkauka, halafu akafa.

Msinihimize hapo. Hata mimi nikifika hapo huwa nasimama kidogo.

Sasa, katika nchi ile kulikuwa na utani. Ukoo wa Nguchiro ulikuwa na utani na koo zote za mtoni, hata ukoo wa Fisi. Mtani akija mazishini ana ruhusa ya kusema lolote, kumwigiza yeyote, hata kulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Haruhusiwi mtu kumkasirikia. Na anayetaniwa sharti ajibu. Akinyamaza, ameshindwa, na atachekwa mpaka na wajukuu.

Nguchiro akaenda kwa Digidigi, akapiga magoti mlangoni.

"Mama Siwema, pole. Nina ombi zito. Uchaguzi umekaribia, Kiboko hatakosa mazishi haya, na atakuja na rafiki yake Fisi. Naomba uniazime kaburi la mwanao."

Digidigi akamshika mkono, akamwinua.

"Mwanangu hakuwa msumbufu akiwa hai," akasema. "Akisubiri kidogo, hatakasirika. Nenda."

Siku ya mazishi, kweli, Kiboko akaja na shada la maua, Fisi nyuma yake amevaa miwani nyeusi.

"Ndugu zangu wafiwa," Kiboko akaanza hotuba, "kazi ya Mungu haina makosa..."

Puu! Nguchiro akarukia kaburini, akalala chali.

"Sitoki! Leo hapa kwangu! Nani kasema mimi Nguchiro? Mimi ni Fisi! Kwe-kwe-kwe!" Akainuka, akachechemea mle shimoni, matako chini. "Nimefukia bomba langu darajani, juu juu, hata kifaranga analiona!"

Waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka. Wote wakamgeukia Fisi. Fisi akavua miwani.

"Kwe-kwe-kwe! Mtani, huna akili! Nani afukie bomba darajani?"

"Wewe! Kwa uvivu! Ulichimba kidogo ukaanza kuhema, he! he! he! Ukawaita wake zako wakumalizie!"

Watu wakaangua kicheko. Masikio ya Fisi yakasimama.

"Mvivu mimi? Mimi?" akabweka. "Nimechimba peke yangu toka kiwandani mpaka chini ya mkuyu, katikati ya mizizi! Hao Macho ya Mto wako wanapita juu yake kila siku na hawaoni!"

Kicheko kikakatika. Jii!

"Ni utani!" Kiboko akapiga kelele. "Utani tu huo, ndugu zangu! Asiende mtu mkuyuni! Nilishakwenda mwenyewe kutazama, hakuna kitu!"

Kanga akasogea mbele, bawa lake likining'inia.

"Ulishakwenda, Mheshimiwa? Na mimi uliniuliza bomba liko wapi, ukanifunga."

Kiboko akaanza kurudi kinyumenyume.

Basi, umati ukatimka kuelekea mkuyuni, vumbi tupu. Kiboko na Fisi wakajaribu kukimbilia upande wa pili, lakini Nyati waliokuja kuzika wakawazuia.

Makaburini wakabaki Digidigi, mwili mdogo ndani ya sanda, na Nguchiro shimoni. Wakasikia majembe, ko! ko! ko! Kisha sauti zikapaa: "Lipo! Lipo! Linatoka povu!" Halafu wakasikia mawe na udongo vikishindiliwa bombani, muda mrefu.

Jioni ile Kiboko na Fisi wakaingizwa kwenye chumba kilekile alichofungiwa Kanga.

Lakini nisiwadanganye, wanangu. Mto haukupona siku ile. Ilibidi masika yapite, na masika mengine, na watoto wengine wakazikwa kabla maji hayajawa safi.

Sasa turudi makaburini: majembe yaliponyamaza, Digidigi akainama ukingoni mwa kaburi.

"Haya, mtani wangu. Nikupe nini utoke?"

Nguchiro alitaka kumjibu kwa mzaha, maana ndiyo desturi. Mdomo ule usiotulia ukakataa. Akalia kwa sauti, akatandaza udongo laini kwa mikono yake pale mtoto atakapolaza kichwa.

"Nipe Siwema," akasema. "Nimpokee mimi."

Mama akamshusha mwanawe mikononi mwa Nguchiro.

Kwa hiyo kumbukeni hili: mwenye nguvu huificha dhambi yake kila mtu asiione, kisha huitoa mwenyewe hadharani kwa sababu tu hakuvumilia kuchekwa.